Mkeka wa Watu wa Karai

Kila siku Lubna alipotoka shuleni, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuvua viatu mlangoni. Jambo la pili lilikuwa kuviacha palepale mlangoni mpaka mtu ajikwae. Na mtu huyo, kwa kawaida, alikuwa bibi yake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Na viatu hivi vyamngoja nani, mke mwenzangu? Au vitaingia ndani vyenyewe?”

Bi Kibibi hakuwahi kumwita mjukuu wake jina lake ikiwa alikuwa na jina la utani karibu. Alimwita mke mwenza, na Lubna naye hujibu kwamba babu angekuwa hai angemchagua yeye, maana yeye ana meno yote. Basi wote wawili hucheka, na Lubna huviokota viatu na kuviweka mahali pake. Waliishi wawili tu katika nyumba ndogo mtaani Shella, mjini Malindi. Mama yake Lubna alifanya kazi katika hoteli moja huko Kikambala, na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Baada ya chai, Lubna huimwagilia maji miche ya rehani na asumini uani, naye Bibi huketi barazani kusuka. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Aliuchana ukindu, akausuka ukawa utepe mrefu unaoitwa ukili, kisha akazishona kili hizo pamoja mpaka mkeka ukapatikana. Alisuka huku macho yake yakiwafuata wapita njia, akiwasalimu mmoja mmoja na kuwauliza habari za wagonjwa wao. Vidole vyake viliijua kazi bila kuangaliwa.

Jumatatu moja Lubna alirudi mbio. Viatu aliviacha katikati ya njia kabisa, kimoja kikiwa kimelala kifudifudi.

“Bibi! Mwalimu Easter ametupa kazi. Tutengeneze bustani ndogo ndani ya chombo kibovu cha nyumbani. Iwe na mimea hai na nyumba na kila kitu. Itaonyeshwa shuleni Jumamosi ya wiki ya tatu, na itakayoshinda itapelekwa mashindanoni Kilifi!”

Mwalimu Easter alikuwa ameeleza mengine pia. Alisema kwamba watu wa nyumbani wanaruhusiwa kusaidia, ila wasaidizi wote waandikwe kwenye kadi. Alisema pia kwamba atakayekwenda Kilifi atafuatana na wasaidizi wake walioandikwa. Lakini Lubna aliposikia neno Kilifi, masikio yake yaliziba hapo hapo.

Jioni hiyo alizungumza na mama yake kwa simu.

“Ukifika Kilifi,” Mama alisema, “nami nitaomba ruhusa kazini nije. Wewe utatoka Malindi, mimi nitatoka Kikambala, tukutane katikati. Haya, nataka kuiona bustani hiyo.”

Usiku huo Lubna hakulala upesi. Siku za kuwa na Mama zilikuwa chache, na Kilifi ingeongeza moja.

*

Kesho yake Bibi alitoa uvunguni karai kuukuu. Alikuwa amekaangia mahamri kwa karai hilo miaka mingi mpaka likatoboka kitako.

“Karai lililotoboka halifai kwa mahamri,” alisema, “lakini kwa bustani ndilo lenyewe. Maji yatapata pa kutokea.”

Wakaanza kazi. Lubna alichekecha udongo, akauchanganya na samadi kavu, akaujaza karaini. Alipanda kitawi cha rehani nyuma, kikawa mti mkubwa wa kijiji. Alipanda chipukizi la mshubiri pembeni, likawa ua wa miiba wa kuzuia wezi. Upande wa mbele alinyunyiza punje za dania, zikaota kwa wingi, zikawa msitu. Mbegu za pojo zilikuwa na haraka kuliko zote; siku ya tatu tu zilikwisha simama na kupiga saluti. Alisaga maganda ya mayai akayamwaga yakawa njia nyeupe, na kifuniko cha soda kikawa kisima.

Nyumba waliijenga pamoja. Lubna alikusanya vijiwe kwenye kiwanja kilichokuwa kikijengwa jirani, baada ya kuomba ruhusa, na akavipanga kwa udongo mbichi. Bibi aliezeka paa la makuti madogo, kila kuti likiwa na urefu wa kidole. Mbele ya nyumba waliweka kibaraza.

“Sasa nyumba iko,” Lubna alisema. “Nani ataishi?”

“Watu wa Karai,” Bibi akajibu bila kuinua macho. “Washahamia. Wewe hukuwaona tu, wewe na mbio zako.”

Asubuhi iliyofuata Lubna alikuta kamba nyembamba imefungwa kutoka kwenye mti wa rehani hadi kwenye kona ya nyumba. Juu ya kamba hiyo zilianikwa kanga mbili, kila moja ikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

“Bibi! Wamefua!”

“Wasifue kwa nini? Wao si kama watu ninaowajua mimi, wanaongoja kukumbushwa.”

Tangu siku hiyo kulikuwa na jambo jipya kila asubuhi. Siku moja kulikuwa na ndoo ya kifuniko cha dawa ya meno kando ya kisima. Siku nyingine kulikuwa na jiko la mafiga matatu yaliyotengenezwa kwa kokwa za ukwaju. Mara nyingine mlangoni palikuwa na viatu viwili vya karatasi, kimoja kikiwa kimelala kifudifudi, na Lubna alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na alijua vyema kabisa ni vidole vya nani vilivyofanya kazi alfajiri. Lakini hakusema, na Bibi hakusema, na hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake.

Kilichobaki kilikuwa mkeka wa baraza. Bibi aliuchana ukindu kwa sindano mpaka ukawa mwembamba kama uzi, akatia rangi ya zambarau nyuzi chache, akasuka. Ukatoka mkeka ambao ungeweza kuukunja na kuuweka ndani ya kisanduku cha kiberiti. Pembeni palipita mistari miwili ya zambarau, mmoja ukiruka juu ya mwenzake, kama alivyofanya katika mikeka yake yote. Lubna aliuweka kiganjani akaugeuza huku na huku.

“Bado haujaisha,” Bibi alisema. “Limebaki pindo upande huu mmoja. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, mkeka mtu aweza kusukiwa, lakini pindo atie mwenye nyumba. Siku atakapouketia, awe ameketia na kazi ya mkono wake pia. Hili ni lako.”

Alimwonyesha mara tatu. Ncha huinamishwa, hupitishwa chini, hurudishwa juu, kisha hukazwa. Lubna alijaribu. Ncha zikamponyoka. Akajaribu tena, na safari hii zikaponyoka zote kwa pamoja na kusimama wima kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Vidole vilimuuma. Huko nje Tevin, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akimwita waende kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

“Nitamalizia kesho, Bibi.”

Kesho ilikuwa na mchezo wake, na keshokutwa vilevile. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya maonyesho, Lubna alitandika mkeka barazani pa nyumba ya karai, na juu ya zile ncha zilizosimama aliweka kijiwe kizuri cheupe.

“Na pindo je?” Bibi aliuliza kutoka jikoni.

“Limekaa sawa, Bibi.”

Bibi hakuja kutazama. Kwa nini atazame, na ameshaambiwa?

*

Jumamosi asubuhi walikodi tuktuk ya Badi, kijana wa mtaani kwao. Bibi alivaa buibui lake zuri na kulipakata karai kama mtoto mchanga.

“Bi Kibibi, nyumba yahamia wapi leo?” Badi aliuliza.

“Yaenda shule. Na wewe endesha polepole, ndani mna watu.”

Badi alitazama ndani ya karai, akatazama kisima, akazitazama kanga kwenye kamba. Kisha akaendesha polepole sana hata baiskeli zikawapita, na kila penye tuta aliomba radhi kwa wenye nyumba.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Kulikuwa na bustani ndani ya sufuria, ndani ya gurudumu, hata ndani ya kofia ya pikipiki. Tevin alikuwa ameleta yake ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa na shamba la mahindi madogo, trekta la makopo na zizi la ng’ombe wa udongo. Mwalimu Easter aligawa kadi za kujaza. Juu paliandikwa jina la mwanafunzi, katikati majina ya mimea, na chini kabisa: Walionisaidia.

Lubna aliishika kalamu. Alikumbuka muhula uliopita, Charity wa darasani kwao alipoleta kinyumba kilichotengenezwa na fundi wa baba yake, chenye hata bawaba za kweli. Tevin alimwita Mkandarasi tangu siku hiyo mpaka shule zikafungwa, na darasa zima likacheka. Lubna naye alicheka. Sasa aliona kama kwamba midomo yote ile ilikuwa ikimngoja yeye.

Akaandika: Hakuna.

Mgeni wa siku hiyo, aliyewaongoza waamuzi, alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Mambrui aitwaye Bi Nasiba. Alipita taratibu, akinusa mimea na kuuliza maswali, wazazi wakimfuata nyuma. Bibi alikuwa miongoni mwao. Bi Nasiba alipofika kwenye karai, alisimama.

“Mashallah! Angalieni hata nguo zimeanikwa.” Alicheka, akainama zaidi. “Na mkeka huu! Mwanangu, nani alikusaidia?”

Lubna alilisikia swali hilo, na alimwona Bibi yake akitabasamu nyuma ya watu, akijitengeneza buibui kama mtu anayetarajia kuitwa. Tevin naye alikuwa kando, sikio wazi.

“Hakuna, Bi,” Lubna alisema. “Nimefanya peke yangu.”

Watu walipiga makofi. Bibi hakupiga. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, kisha akaiingiza mikono yake ndani ya buibui na kutazama chini.

Bi Nasiba aliupitisha ukucha wake kwenye ile mistari miwili ya zambarau, mmoja ukiruka juu ya mwenzake. Akainua macho, akawatazama wazazi taratibu, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yakatulia mahali fulani. Kisha akakiondoa kile kijiwe cheupe. Ncha za ukindu zikasimama wima zote.

Lubna alihisi masikio yake yakiwaka moto.

“Pindo halijatiwa,” Bi Nasiba alisema kwa upole. “Ajabu. Anayeweza kusuka hivi, pindo kwake ni jambo la kufumba na kufumbua. Haya, mwanangu, uchukue mkeka wako, kaa pale kivulini umalizie. Zawadi zitatolewa saa sita.”

*

Lubna aliuchukua mkeka na kwenda nyuma ya darasa. Bibi alikuwa huko, ameketi peke yake kwenye benchi, mikono bado imo ndani ya buibui.

“Bibi,” Lubna alinong’ona, “nitilie pindo upesi. Hakuna anayetuona.”

“Mimi?” Bibi alisema. “Umesema mbele za watu kwamba aliyekusaidia ni Hakuna. Basi mwite huyo Hakuna aje apinde.”

Lubna alitaka kucheka, lakini badala yake akalia. Bibi alimwacha alie kidogo, kisha akamvuta akae karibu naye.

“Sikiliza. Mimi sikuudhika kwa kukosa sifa. Nimesuka tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, sifa nimekula nikashiba. Lakini uliposema vile, niliitazama mikono yangu. Nikajiuliza, imemwaibisha wapi mtoto huyu?”

Maneno hayo yalimchoma Lubna kuliko kofi. Alikuwa amefikiria vicheko vya darasa, amefikiria Kilifi, amefikiria Mama. Mikono ya Bibi hakuifikiria hata kidogo.

“Haikuniaibisha, Bibi. Niliogopa kuchekwa. Tevin angeniita jina.”

“Na mimi nakuita mke mwenza kila siku, mbona hujafa?”

Lubna alicheka huku kamasi zikimtoka. Kisha akautazama mkeka mkononi. “Nikisema ukweli sitakwenda Kilifi,” alisema. “Na Mama hatakuja.”

“Pengine,” Bibi alisema. Hakumdanganya. “Hilo ni lako kuamua, kama pindo lilivyo lako.”

Lubna aliupangusa uso kwa ukosi wa sare yake. Akaulaza mkeka gotini, akaishika ncha ya kwanza.

“Nielekeze basi. Kwa mdomo tu.”

“Hapo sawa. Mikono yangu iko likizoni leo, lakini mdomo wangu haujawahi kwenda likizo. Inamisha. Pitisha chini. Chini, nimesema, hiyo ni juu! Sasa irudishe. Kaza. Usiivute kama mkia wa mbuzi.”

Ncha zilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu zilikaa. Ncha moja ilikaa, kisha nyingine, kisha nyingine. Kengele ilipolia, pindo lilikuwa limefika mwisho. Lilikuwa limepinda huku likavimba kule, na mtu yeyote angeona kwamba mkono ulioufanya ukingo huo haukuwa mkono uliosuka mkeka. Lubna aliurudisha barazani pa Watu wa Karai. Hakuweka kijiwe juu yake.

Mwalimu Easter alisimama mbele na karatasi ya matokeo. “Bustani ya kwanza,” alianza, “itakayotuwakilisha Kilifi—”

“Mwalimu!” Lubna alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. “Samahani. Kabla hujasoma, nina neno.”

Aliinyoosha sare yake, akaendelea.

“Kadi yangu si ya kweli. Niliandika Hakuna. Bibi yangu, Bi Kibibi, yule pale, ndiye aliyeezeka paa na ndiye aliyesuka mkeka. Nguo zilizoanikwa na ndoo na jiko ni zake pia. Mimi nilipanda mimea na kujenga kuta. Pindo ndilo langu. Ndilo lile lililopinda.”

Kulikuwa na kicheko kidogo, lakini hakikuwa kile alichokiogopa. Watu waligeuka kumtazama Bibi, na Bibi, ambaye mikono yake ilikuwa imetoka ndani ya buibui, alijifanya anamfukuza nzi.

“Mkono wa msusi ni kama mwandiko,” Bi Nasiba alisema. “Mkeka wa Kibibi uko chumbani kwangu mwaka wa kumi na tisa huu. Nilimjua tangu nilipoiona ile mistari ya zambarau. Nilikuwa namngoja mtoto anijulishe mwenyewe.”

Mwalimu Easter aliitazama karatasi mkononi mwake. “Lubna, jina lililoandikwa hapa kwanza lilikuwa lako,” alisema. “Na ungeandika jina la bibi yako lingebaki hapa, maana kusaidiwa kunaruhusiwa. Nilieleza darasani. Lakini kadi ina alama zake, na alama hizo umezipoteza.”

Waamuzi walishauriana. Bustani ya Lubna ikashuka hadi nafasi ya tatu. Ya kwanza ikawa ya Tevin, na Mwalimu Easter alipoisoma kadi yake kwa sauti, uwanja mzima ulicheka: “Walionisaidia: Mama alikata mbao. Baba alishika tochi na kutoa amri. Dadangu alifinyanga ng’ombe, isipokuwa yule mwenye miguu mitatu, huyo ni wangu.”

Lubna alimtazama Tevin kwa mshangao. Muda wote ule alimwogopa mtu ambaye nyumba nzima ilimsaidia, naye ameandika wazi!

“Na Charity je, uliyemwita Mkandarasi?” alimuuliza baadaye.

Tevin alijikuna kichwa. “Baba aliposhika tochi usiku, siku tatu mfululizo, nilielewa kwamba hata mimi nasaidiwa,” alisema. “Nilimwomba radhi Charity juzi. Ananiita Trekta tangu hapo.” Kisha akaiangalia bustani yake, akaangalia karai. “Lubna, nyumba yangu haina mkeka. Ng’ombe wana zizi lakini watu wanakaa vumbini. Mngenisaidia kabla ya Kilifi? Nitaandika.”

*

Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya safari ya Kilifi. Safari hii Lubna hakwenda kucheza kati, na Tevin naye hakwenda, kwa sababu alikuwa ameketi barazani akichana ukindu vibaya na Bibi akimwambia hivyo. Bibi alisuka ukili, Lubna akashona, na mapindo yote mawili akayatia Lubna mwenyewe. La kwanza alilifumua mara nne. La pili alilifumua mara moja tu. Vidole vilimuuma, lakini sasa maumivu hayo aliyaonea fahari, na kila jioni alimwonyesha Bibi vidole vyake kama askari anayeonyesha majeraha.

Siku mbili kabla ya safari Mwalimu Easter alimwita ofisini. Mezani palikuwa na kadi mpya ya Tevin, imejaa pande zote mbili.

“Bustani ya Tevin inakwenda na wasaidizi wake walioandikwa,” alisema. “Mama yake ana kazi, baba yake amesema amechoka na tochi. Dada yake atakwenda. Na hapa naona majina mengine mawili: Lubna na Bi Kibibi, mkeka. Waambie nyumbani mjitayarishe.”

Lubna alikimbia mpaka Shella bila kusimama. Aliviacha viatu mlangoni, akarudi, akaviweka mahali pake, kisha ndipo akapiga kelele.

Huko Kilifi, Mama alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa amesimama kwenye lango la uwanja na sare ya hoteli, amenunua mabuyu ya rangi na kuyashika mkononi mpaka kiganja kikawa chekundu. Lubna alimwambia kila kitu, hata yale mambo ambayo hakuyasema kwa simu, hata neno Hakuna. Mama alisikiliza, akamkumbatia, kisha akamkumbatia mama yake mwenyewe kwa muda mrefu zaidi.

Waamuzi wa Kilifi walipofika kwenye bustani ya Tevin, mmoja wao aliuliza lile swali. Tevin akavuta pumzi na kuanza. Alimtaja mama yake, baba yake na tochi, na dada yake. “Na mkeka,” akasema, “umesukwa na Bi Kibibi wa Shella, na kushonwa na kutiwa mapindo na Lubna, rafiki yangu, yule pale!”

Watu wakageuka. Lubna alihisi uso wake ukipata joto, na kifua kikajaa furaha hata akashindwa kutulia. Jina lake tu, limesemwa kwa sauti na mtu mwingine! Hapo ndipo alipojua hasa ni kitu gani alichomnyima Bibi yake siku ile. Akauchukua mkono wa Bibi, ule wenye sugu za ukindu, akaubana.

“Bibi, nisamehe tena.”

“Nilikwisha kukusamehe kwenye pindo la kwanza, lile lililovimba,” Bibi alisema. “Lakini ushike neno hili, mjukuu wangu, maana nitazeeka na sitalisema kila siku. Kusaidiwa si aibu. Mkono mmoja haulei mwana, wala haujengi nyumba ya karai. Aibu ni kumfuta aliyekusaidia. Na kazi uliyoachiwa wewe, ifanye wewe, hata ikipinda. Iliyopinda na ni yako, huna haja ya kuifunika jiwe.”

Bustani ya Tevin ilipata nafasi ya nne, na ng’ombe wa miguu mitatu akapigwa picha kuliko wote. Jioni walirudi Malindi wakiwa wamechoka na midomo yao myekundu kwa mabuyu.

Asubuhi iliyofuata Bibi alitoka uani, akaikuta kamba ya Watu wa Karai imeanikwa kanga tatu mpya badala ya mbili. Mafundo yalikuwa yamekwenda upande.

“Aa! Leo wamefua mapema,” Bibi alisema kwa sauti, akiangalia dirisha ambako kichwa fulani kilijificha upesi. “Sijui nani amewasaidia.”

“Mimi, Bibi!” Lubna akajibu.